Gitaa moja tu, watu wanne: kwa nini Converge ukumbini ni wazito kuliko kwenye rekodi?

#1 Mjomba_wa_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa dansi. Nimekulia Tanga, nikahamia Dar es Salaam, na ujana wangu niliumalizia kwenye viti vya plastiki nikisubiri bendi ya Sikinde wafike kwenye chemko, pale wimbo unapokolea kasi. Sasa naishi London, na Alhamisi iliyopita mpwa wangu, ambaye amezaliwa huku, alinipeleka kwenye klabu moja iliyo chini ya ardhi kuwaona Converge, bendi ya Kimarekani ya metali iliyoanzishwa mwaka 1990. Wiki nzima kabla ya hapo alinisikilizisha albamu yao ya mwaka 2001, Jane Doe, nami nikaivumilia kama mtu anavyovumilia mashine ya kusaga ya jirani.

Ukumbini mambo yakawa mengine kabisa. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilihisi shati likitikisika kifuani. Jukwaani walikuwa watu wanne: mwimbaji, mpiga besi, mpiga dramu na mpiga gitaa mmoja. Nasisitiza mmoja, kwa sababu sisi tuliolelewa na solo, solo la pili na ridhimu tunajua kwamba gitaa likiwa peke yake ni sawa na mtu anayejisemea njiani. Hata hivyo sijawahi kusikia sauti nzito kiasi kile. Niliporudi nyumbani nikaicheza albamu ile ile kwenye redio yangu, ikawa nyepesi kama chai iliyoongezwa maji mara ya pili.

Swali langu ni moja: uzito ule ulitoka wapi? Wale si vijana tena, vyombo vyao ni vichache, na ukumbi haukuwa mkubwa kuliko darasa mbili za shule ya msingi. Naomba kuwasilisha.

#2 FundiSpika

Mjomba, jibu liko karibu kuliko unavyodhani: ni masikio yako. Sikio la binadamu halipokei besi na sauti za juu kwa usawa, na tofauti hiyo hubadilika kadiri ukubwa wa sauti unavyobadilika. Fletcher na Munson walilipima jambo hili mwaka 1933. Sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayopotea kwanza. Sauti ikipanda, besi hurudi mpaka ikakaribia kulingana na nyingine. Nyumbani unasikiliza kwa kiwango cha kutomwamsha jirani, klabuni ulisikiliza kwa kiwango cha kumwamsha marehemu. Uzito ulikuwamo kwenye rekodi tangu mwanzo, ila wewe hukuufungulia mlango. Idadi ya magitaa haihusiki.

#3 Nyuzi_Nne

Kwa heshima zote kwa FundiSpika, kusema kwamba idadi ya magitaa haihusiki ni kujikwaa mapema. Mimi napiga besi hapa Minneapolis, kwenye bendi isiyojulikana na mtu yeyote isipokuwa wake zetu, na nimewaona Converge mara tatu.

Mjomba amegusa jambo lenye historia. Jane Doe ilirekodiwa bendi ikiwa na wapiga gitaa wawili, Kurt Ballou na Aaron Dalbec. Dalbec aliondoka mwaka huo huo wa 2001, kwa kuwa alikuwa na bendi yake nyingine, Bane, na tangu hapo hawakuongeza mtu. Kwa hiyo nyimbo ulizozisikia zilitungwa kwa magitaa mawili, nazo hupigwa na moja. Nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na besi. Nate Newton hapigi besi kama inavyopigwa kwenye dansi, ikitembea chini kwa utulivu huku magitaa yakicheza juu. Yeye huikwaruza makusudi, huipitisha kwenye amplifaya iliyozidiwa, mpaka inakuwa na meno kama gitaa huku miguu yake ikibaki chini. Ulichodhani ni gitaa moja zito sana kilikuwa vyombo viwili vilivyogandana.

#4 BintiMvita

Mimi nimekwama kwenye jambo dogo. Mjomba, kwa umri huo uliingia kwenye moshi piti, pale mbele ya jukwaa watu wanapogongana?

#5 Mjomba_wa_Ngamiani

Binti, mpwa wangu aliponiambia kwamba kutakuwa na moshi piti, nilidhani anazungumzia ule moshi wa mitambo. Nilikaa katikati, nikiwa na koti langu mkononi. Wimbo wa pili ulipoanza koti lilikwenda upande wake na mimi upande wangu. Aliyeniinua kutoka sakafuni alikuwa kijana mwenye michoro mpaka kwenye kope, akanipangusa mabega, akaniuliza kama niko salama, kisha akarudi kwenda kugongana. Koti nililikuta limetundikwa kwenye spika.

Nyuzi_Nne, maelezo yako yamenigusa. Lakini kama besi ndiyo siri, mbona kwenye albamu walizotoa baada ya Dalbec kuondoka, ambazo zimerekodiwa na hao hao wanne, bado sioni uzito ule?

#6 Msahihishaji

Kabla hatujaendelea, tuweke kumbukumbu sawa. Bendi hii wengi huiita ya Boston, lakini chimbuko lake ni Salem, Massachusetts, na waanzilishi ni Jacob Bannon na Kurt Ballou. Dramu zilikuja kushikwa na Ben Koller mwaka 1999. Maana yake ni kwamba watu wanne aliowaona Mjomba wamekuwa pamoja kwa zaidi ya robo karne bila kubadilishana.

Hapo ndipo ninapoweka jibu langu. Uzito hautokani na wingi wa sauti, unatokana na sauti kufika kwa wakati mmoja. Dramu ya mguu, besi na gitaa vikitofautiana hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, pigo moja hugawanyika kuwa matatu madogo. Vikitua pamoja, sikio hupokea pigo moja kubwa. Jambo hilo halinunuliwi dukani. Hupatikana kwa kupiga pamoja mpaka mtu anajua mwenzake atavuta pumzi saa ngapi.

#7 Nyuzi_Nne

Msahihishaji, kama kukaa pamoja miaka mingi kungetosha, kila bendi kongwe ingekuwa nzito. Nimezilipia nyingi ambazo zilikuwa zimechoka tu.

#8 Mzee_wa_Chemko

Nimefurahi kumwona mtu wa Sikinde kwenye uzi huu, maana nilidhani niko peke yangu. Binafsi sikuwahi kuwaona Converge, lakini mwanangu wa kiume alipokuwa akisoma Uholanzi alinipeleka kuona bendi ya aina hiyo hiyo, na kuna jambo moja nililiona ambalo mafundi wa hapa juu wameliruka.

Katika dansi letu wimbo huanza polepole. Mwimbaji husimulia kisa chake, watu wamekaa, wengine wanakula, kisha baada ya beti kadhaa magitaa hubadilika na chemko huanza. Mwendo huongezeka na ukumbi mzima husimama. Mlimani Park, waliopata jina la Sikinde baada ya kuanzishwa mwaka 1978, na wenzao wa Msondo, ambao mizizi yao ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, wameishi kwa kanuni hiyo. Tunangoja kasi.

Metalikoo, yaani metalcore, muziki huu wa kina Converge, hufanya kinyume. Wimbo huanza kwa kasi ambayo mguu hauwezi kuifuata, kisha ghafla hupungua, mara nyingi hadi nusu ya mwendo au chini yake, na hapo ndipo ukumbi hulipuka. Wao wanangoja upole. Nilipolitambua hilo niliuelewa uzito. Pigo la polepole linalofuata mbio huonekana kubwa kuliko lilivyo, kama mtu aliyekuwa anakimbia akashika breki na mzigo wa mgongoni ukamsukuma mbele. Nyumbani hulihisi hivyo kwa sababu umekaa kwenye kochi, hukukimbia. Ukumbini kila mtu pembeni yako amekimbia, na mzigo unamsukuma kila mtu kwa pamoja.

Nilicheka jambo lingine pia. Kwetu mshabiki hupanda jukwaani kumtunza mwimbaji, akamwekea noti kwenye paji la uso na kushuka kwa heshima. Kule mshabiki alipanda, akamnyang'anya mwimbaji mikrofoni, akaimba mistari miwili, kisha akajirusha juu ya vichwa vya watu. Na mwimbaji alishukuru!

#9 BintiMvita

Metalikoo! Mzee, jina limekaa mahali pake, kwa sababu hiyo ni metali inayotoka kooni hasa. Mimi nilikuwa nikiandika kwa namna nyingine, kuanzia leo nimeacha.

#10 FundiSpika

Mzee wa Chemko amesema vizuri, nami nakubali kwamba mwendo una nafasi yake. Lakini turudi kwenye vitu vinavyopimika.

Bendi za namna hii huteremsha nyuzi, yaani huzilegeza ili zitoe sauti ya chini zaidi. Waya mzito wa besi ukiteremshwa mpaka noti ya C hutetemeka takriban mara 33 kwa sekunde, na wimbi lake huwa na urefu unaozidi kidogo mita 10. Katika chumba ambacho Mjomba amekilinganisha na madarasa mawili, wimbi hilo halipati nafasi ya kupita likaenda zake. Hugonga ukuta, hurudi, hukutana na lingine linalokuja, na matokeo yake ni kwamba sehemu fulani za chumba besi hulundikana na sehemu nyingine hupotea kabisa. Mjomba, ulisimama wapi baada ya kuinuliwa?

Kuna la pili, ambalo mafundi wengi hawalisemi hadharani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba sauti ya ukumbini isizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Lakini kipimo hicho ni cha aina A, ambacho huihesabu besi kidogo sana. Fundi mitambo akibanwa na kikomo, hupunguza sauti za juu na kuiacha besi, na mita haitamshtaki. Ufaransa waliliona hilo, ndiyo maana kanuni yao ya mwaka 2017 ina kikomo cha pili, cha aina C, kinachoihesabu besi ipasavyo. Kwa hiyo sehemu ya uzito wa klabu ni mwanya wa kisheria.

#11 Mtoro_wa_Kreuzberg

Huku Ujerumani kikomo ni desibeli 99 kwa nusu saa, na ni kweli kwamba fundi hutumia muda mwingi akiiangalia mita kuliko anavyoiangalia bendi. Hata hivyo sikubaliani na hoja ya chumba. Mimi ni mtu wa SO36, ambao ni ukumbi mwembamba na mrefu kama ukumbi wa shule usiokwisha, na nimezoea kutembea kutoka mbele hadi nyuma wakati bendi inapiga. Nyuma kabisa kuna besi nyingi inayozunguka tu, ni uji. Mbele, hatua mbili kutoka kwenye amplifaya, ndiko kwenye uzito. Sababu ni kwamba katika klabu ndogo husikii spika za ukumbi pekee, unasikia pia makabati ya spika ya bendi yenyewe, moja kwa moja, bila fundi kuingilia.

Napendekeza jaribio. Mwaka 2016 Converge waliipiga Jane Doe nzima, mwanzo hadi mwisho, kwenye tamasha la Roadburn, Tilburg, Uholanzi, na rekodi ya usiku ule ilitoka mwaka uliofuata kwa jina la Jane Live. Ni gitaa moja, ni watu hao hao, nyimbo ni zile zile. Isikilizeni nyumbani mkilinganisha na ya mwaka 2001. Kama uzito unatokana na watu, utakuwamo. Kama unatokana na chumba, hautakuwamo.

#12 Kinanda

Ile ya Roadburn si ndiyo waliyopiga na mwimbaji Chelsea Wolfe, ikaja kuwa albamu?

#13 Msahihishaji

Hapana, hayo ni maonyesho mawili tofauti ya tamasha moja. Katika lingine, lililoitwa Blood Moon, waliongeza watu, akiwemo Chelsea Wolfe na Stephen Brodsky wa bendi ya Cave In, wakapiga nyimbo zao za taratibu. Albamu ya ushirikiano huo, Bloodmoon: I, ilikuja kutoka mwaka 2021 na ina nyimbo mpya. Jane Live ni ya wanne peke yao.

#14 Mjomba_wa_Ngamiani

Nimelifanya jaribio la Mtoro jana usiku, kwa spika za mpwa wangu, si redio yangu. Matokeo yamenichanganya zaidi. Jane Live ni chafu kuliko ile ya 2001, gitaa limekonda, pengo la Dalbec linasikika wazi, na hata hivyo mwili ulinisisimka. Sasa sijui kama nilisikia uzito au nilikumbuka uzito.

#15 Mzee_wa_Chemko

Ulikumbuka. Mtu aliyewahi kula pilau ya harusi hushiba kwa harufu tu.

#16 Mtoro_wa_Kreuzberg

Jaribio langu lina kasoro moja ambayo naikiri mwenyewe kabla Msahihishaji hajafika: ukumbi wa 013 wa Tilburg huingiza watu wapatao 3,000, kwa hiyo kilichorekodiwa pale si klabu ya chini ya ardhi.

#17 Ngong_Road_Kelele

Habari zenu. Naandika kutoka Nairobi, ambako metalikoo si kitu cha kusafiri kukitafuta. Last Year's Tragedy wameipiga hapa hapa, na sisi wengine tumejifunza kwao. Nina kisa cha kuchanganya hoja za mafundi.

Nilipiga gitaa kwenye bendi kwa miaka minne. Kumbi zetu nyingi zimefungwa spika za ma-DJ, yaani besi kubwa chini na vitu vya kung'aa juu, na katikati, mahali gitaa linapoishi, hakuna kitu. Amplifaya tuliazima. Usiku mmoja, kwenye klabu ambayo sitaitaja, umeme ulipungua na upande mmoja wa spika ukazimika, fundi mitambo akatoka kwenda kula na hakurudi. Kwa hesabu za FundiSpika onyesho lile lilipaswa kuwa jepesi kama karatasi. Lakini watu wapatao sitini walisogea mpaka wakatugusa, wakaimba kila neno, na mpaka leo nikikutana nao wananiambia kwamba hawajawahi kusikia kitu kizito kama kile. Hatukuwa na desibeli, hatukuwa na miaka thelathini, hatukuwa na wimbi la mita 10. Tulikuwa na watu waliotukaribia.

Kwa kiasi fulani namuunga mkono Mzee. Ila sidhani ni mwendo peke yake.

#18 Kinanda

Nairobi ndiko walikotoka Duma pia, wale ambao albamu yao ilitolewa Kampala na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Watu wawili na mashine, hakuna mpiga dramu wala besi, na wakali kama jina lao, maana duma ni mnyama asiyekamatika.

#19 Ngong_Road_Kelele

Ndugu Kinanda, si mnyama. Jina hilo wamelichukua kwenye Kikuyu, ambako duma ni giza. Kosa hilo hufanywa na kila Mswahili, usijali. Ila mfano wako ni mzuri, kwa sababu unamwacha Nyuzi_Nne bila pa kusimama: besi haipo na uzito upo.

#20 Nyuzi_Nne

Mashine yao inatoa sauti za chini kuliko besi yangu. Kutokuwepo kwa mpiga besi si kutokuwepo kwa besi. Bado nimesimama.

#21 DaktariwaMasikio_Mstaafu

Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa. Mleta mada, je, ulivaa vizibo vya masikio?

#22 Mjomba_wa_Ngamiani

Nilivaa, daktari. Mpwa alininunulia mlangoni vile vya sponji ya njano.

#23 DaktariwaMasikio_Mstaafu

Basi sehemu ya fumbo lako ilikuwa masikioni mwako. Vizibo vya sponji hupunguza sauti za juu zaidi ya zinavyopunguza za chini. Matoazi, makali ya gitaa na kelele za mwimbaji vilichujwa, besi na dramu ya mguu vikabaki. Isitoshe, sauti nzito husafiri pia kupitia mifupa na kifua, ambavyo havikuzibwa. Ulisikiliza onyesho ambalo wenzako wasiovaa kitu hawakulisikia. Na ulifanya vema kuvaa. Waliokuzunguka bila vizibo wengi watanitafuta baada ya miaka ishirini, nami nitakuwa nimeshazikwa.

#24 FundiSpika

Uzi mzima tumebishana juu ya bendi, kumbe Mjomba alikuwa amezibwa masikio!

#25 BintiMvita

Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa na besi.

#26 Msahihishaji

Tusikimbilie kufunga mjadala. Daktari ameeleza kwa nini Mjomba alisikia besi nyingi. Hajaeleza kwa nini mpwa, ambaye anaijua bendi hii kwa miaka na huenda alivaa vizibo bora zaidi, anaona jambo lile lile. Na usisahau kwamba Ballou ni mtu aliyesomea uhandisi, ana studio yake, GodCity, pale Salem, na anatengeneza pedali za gitaa na magitaa yenyewe kwa mkono wake. Mtu wa namna hiyo hapandi jukwaani bila kujua sauti yake itatua wapi. Bado naamini kwamba uzito ule ulipangwa.

#27 Mzee_wa_Chemko

Ulipangwa, ukachujwa na sponji, ukasukumwa na umati, ukapita kwenye mwanya wa sheria. Mwanangu ananiambia kwamba watu wa mtandaoni hawajui kugawana ushindi.

#28 Mjomba_wa_Ngamiani

Nashukuru wote. Nimemuuliza mpwa kuhusu hoja ya Msahihishaji. Anasema yeye alivaa vile vya bei, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, na bado ilikuwa nzito. Ila pia anasema yeye alikuwa mbele kabisa upande wa Ballou, mahali anapopasifia Mtoro, na alikuwa ameshikiliwa na watu wanane ambao hakuwajua, jambo linalomfaa Ngong_Road. Kwa hiyo amewapa haki watu watatu kwa mara moja na hajanisaidia.

Mwezi ujao kuna bendi nyingine kongwe ya aina hiyo kwenye klabu ile ile. Nitasimama nusu ya onyesho mbele na nusu nyuma, nusu na sponji na nusu na vile vya mpwa, na koti nitaliacha nyumbani.

#29 BintiMvita

Mjomba, na fulana hukununua?

#30 Mjomba_wa_Ngamiani

Nilinunua, ile yenye uso wa mwanamke wa Jane Doe kifuani. Shangazi yenu aliikuta kwenye kamba ya nguo akaniuliza ni msiba wa nani na kwa nini hakuambiwa.

#31 FundiSpika

Mjomba, ukienda hiyo mwezi ujao pima pia umbali kutoka ukuta wa nyuma. Hatua tatu zinatosha. Nasubiri.